Herufi ya Mwisho Ubavuni mwa Tenki

Picha yenyewe ni ndogo kuliko kiganja changu. Mwanamume mwenye kofia ya kitambaa na suruali ya kazi amesimama kando ya behewa la tenki, mkono mmoja ameshika ngazi. Tangi limejaa picha nzima, jeusi, na juu yake kuba linachungulia kama kofia ya pili. Bega lake limeziba herufi za mwanzo za behewa. Ukiacha jina kubwa la kiwanda lililo katikati ya tangi, kinachosomeka kwa urahisi ni X moja, na chini yake tarakimu tano, ambapo ile ya tatu huwezi kuapa kama ni 3 au ni 8.

Nilioneshwa picha hiyo majira ya baridi ya 2019, Pennsylvania, nyumbani kwa mzee niliyekuwa nikimhudumia. Kazi yangu hapa Marekani ni kulea wazee majumbani: dawa, chakula, kuoga, na sehemu kubwa ya kazi ambayo haimo kwenye mkataba, yaani kuwasikiliza. Yule mwanamume wa kwenye picha alikuwa baba yake. Alifanya kazi kiwanda cha sabuni ambacho siku hizi hakipo. Mzee alitaka kujua mambo mawili kabla macho hayajamwisha: behewa lile lilikuwa la nani, na lilileta nini pale kiwandani.

Nilimwambia, "Mzee wangu, hilo ni jambo la wiki moja." Nilisema hivyo kwa sababu nilidhani naijua reli. Nimezaliwa kwenye kota za reli Dar es Salaam, na baba yangu alikuwa mpiga rangi karakana, yule anayeandika namba na herufi ubavuni mwa mabehewa. Nimekua nikinusa tapentaini kwenye mashati yake. Wiki moja ikawa miaka miwili na ushee, na mengi niliyojifunza nayaandika hapa kwa ajili ya yeyote atakayeshika picha ya namna hiyo na kudhani jibu liko karibu.

Kwanza ile X. Kwetu nilikokulia behewa lilikuwa la reli, basi. Lilikuwa na EAR, yaani Reli ya Afrika Mashariki, baadaye TRC, Shirika la Reli Tanzania, na hapakuwa na swali la mwenyewe. Marekani enzi za mvuke haikuwa hivyo. Maelfu kwa maelfu ya mabehewa yaliyokokotwa na injini za kampuni za reli hayakuwa mali ya reli. Yalikuwa ya wachinjaji wa nyama, ya kampuni za mafuta, za kemikali, za siki, za molasi, na ya makampuni ambayo kazi yao ilikuwa kumiliki mabehewa na kuyakodisha tu. Kila mmiliki alikuwa na herufi zake, na zikiishia na X maana yake mwenyewe si reli inayobeba mizigo ya umma. UTLX ni Union Tank Car. GATX ni General American. SRLX ni mabehewa ya barafu ya Swift, mfanyabiashara wa nyama wa Chicago. Utaratibu huo ungalipo: simama kando ya njia leo hii treni la mafuta likipita, utasoma X kwenye karibu kila tenki. Usiuchukue kama sheria isiyo na mwanya, lakini. Mabehewa ya Pacific Fruit Express, iliyoundwa 1906, yaliandikwa PFE bila X kwa sababu wenyewe walikuwa reli mbili, Union Pacific na Southern Pacific. Fruit Growers Express nayo ilibaki na FGEX ingawa tangu 1920 ilikuwa mikononi mwa reli.

Nilijiuliza kwa nini reli zikubali kuburuta mali ya watu wengine. Majibu yako kwenye historia ya mafuta na nyama. Behewa la tenki lina kazi moja: linakwenda limejaa na kurudi tupu, na halifai kupakia mahindi wala mbao. Reli nyingi hazikutaka kufunga fedha zao humo. Standard Oil, kampuni ya mafuta ya Rockefeller, ikajijengea jeshi lake la tenki, na mwaka 1891 ikaliweka chini ya kampuni iitwayo Union Tank Line, ambayo chimbuko lake ni mabehewa ya miaka ya 1860. Mahakama Kuu ilipoivunja Standard Oil mwaka 1911, kampuni ya matenki ikasimama peke yake. Kwa upande wa nyama, reli zilikuwa zimekwisha kutumia fedha nyingi kwenye mabehewa ya ng'ombe hai na mazizi, kwa hiyo Gustavus Swift alipotaka kupeleka nyama iliyokwisha kuchinjwa mashariki, zikamgeuzia mgongo. Akatafuta mabehewa ya barafu yake mwenyewe, na reli ya Grand Trunk, ambayo haikuwa na biashara kubwa ya ng'ombe ya kulinda, ikakubali kuyavuta.

Reli ililipa mmiliki kwa kila maili ambayo behewa lake limetembea. Mwanzoni mwa karne ya 20 malipo ya kawaida yalikuwa robo tatu ya senti kwa maili, au senti nzima, kutegemea aina ya behewa. Unaweza kuona ni kitu kidogo, ila behewa linalovuka bara zima kwenda na kurudi linazikusanya. Na malipo hayo ndiyo yaliyonipa njia ya utafiti: mahali penye malipo pana hesabu, na palipo na hesabu kuna karatasi.

Karatasi kubwa kuliko zote ni rejesta ya mabehewa, Official Railway Equipment Register, iliyoanza kuchapishwa 1885. Ni kitabu kinene cha herufi ndogo mno. Kila mmiliki ana ukurasa au mstari wake: herufi zake, namba zake kuanzia ngapi hadi ngapi, vipimo, uwezo, na kwa matenki ujazo wa galoni. Makarani wa stesheni walikitumia kujua behewa ni la nani na nani alipwe. Matoleo kadhaa ya zamani yameskaniwa yako wazi mtandaoni, na baadhi, kama lile la 1943 na la 1953, yalichapwa upya na wapenzi wa reli.

Hapo ndipo nilipopotea kwa miezi minane.

Nilifungua rejesta nikaenda moja kwa moja kwa UTLX, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na matenki mengi kuliko mtu mwingine yeyote. Nikasema moyoni, X niliyoiona ni ya kwao, itakuwa ya nani tena? Nikachukua namba ile kwa 3, nikaichukua kwa 8, nikaipata mara zote mbili kwenye orodha yao, maana orodha yao ilikuwa ndefu kiasi kwamba karibu namba yoyote ya tarakimu tano ungeipata humo. Nikajiona nimemaliza. Nikaanza hata kumsimulia mzee habari za Standard Oil na mahakama, naye anatikisa kichwa kwa furaha, anasema baba yake alipenda kutaja jina la Rockefeller mezani. Sasa nikikumbuka uso wake siku ile roho inaniuma, kwa sababu nilimpa jibu ambalo nilikuwa nimelitaka mimi, na picha haikuwa imelisema.

Kilichonistua ni maandishi madogo upande wa kulia wa tangi, chini, ambayo sikuyajali mwanzoni. Matenki yalilazimika kupimwa kwa shinikizo la maji, na matokeo yakaandikwa ubavuni: tarehe, shinikizo, mahali, na aliyepima. Nililala kifudifudi sakafuni sebuleni kwa mzee, taa ya mezani imeinamishwa, lenzi ya kukuzia jichoni, nikasoma herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. TANK TESTED. Kisha 6, kistari, tarakimu mbili zilizofutika, kistari, 26. PRESSURE 60 LBS. Mstari wa mwisho ulisema MILTON PA.

Tarehe ilinipa zawadi ambayo sikuitegemea: picha haikupigwa kabla ya Juni 1926. Mzee alikuwa na hakika ni ya mwaka aliozaliwa kaka yake mkubwa, 1921. Nilipomwonesha maandishi alinyamaza kitambo, kisha akasema basi mwanamke aliyeipiga hakuwa bibi yake, kwa sababu bibi alikuwa amekwisha kufariki. Sikujua niseme nini. Nilimletea chai. Tangu siku hiyo nimekuwa mwangalifu ninapomweleza mtu tarehe ya picha ya nyumbani kwake.

Milton nayo ni mji mdogo kando ya mto Susquehanna, hukohuko Pennsylvania. Kulikuwa na kiwanda cha matenki tangu enzi za Murray, Dougal, na mwaka 1899 kikamezwa na American Car and Foundry, kampuni iliyoundwa siku moja kwa kuunganisha wajenzi 13 wa mabehewa. Nikaruka tena. ACF walikuwa na kampuni yao ya kukodisha, Shippers' Car Line, herufi SHPX. Inaishia na X! Nikaenda mbio kwa SHPX kama nilivyokwenda kwa UTLX, na namba zikanikatalia. Kupimwa Milton hakukuwa na maana kuwa mwenyewe yuko Milton, sawa na gari langu kukaguliwa gereji fulani hakulifanyi kuwa la fundi.

Niliandikia maktaba ya John W. Barriger huko St. Louis, ambako kuna hazina ya kumbukumbu za ACF. Ombi langu halikuwa na adabu ya utafiti, nalisema bila kuficha: niliomba "kila kitu kuhusu matenki". Mtu hawezi kukuhudumia kwa ombi kama hilo. Nilipojifunza kuuliza kwa mwaka, kwa aina ya behewa na kwa ujazo, ndipo mambo yalipoanza kusogea. Karakana za ujenzi zilikuwa na desturi ya kupiga picha behewa la kwanza la kila oda, likiwa jipya, rangi inang'aa, kabla halijatoka getini. Picha hizo ni safi ajabu, kila ribiti inahesabika. Lakini zinakuonesha siku ya kwanza tu. Behewa liliishi miaka 30 au 40 baada ya hapo, likauzwa, likakodishwa, likagongwa, likapakwa rangi, na maisha hayo yote hayamo kwenye picha ya kiwandani.

Kumbukumbu za wamiliki wadogo ndizo zinazotia huzuni. Reli ilikuwa na wajibu wa kuripoti serikalini, na sheria ya 1906 iitwayo Hepburn iliongeza mkono wa tume ya biashara kati ya majimbo hadi kwenye huduma za mabehewa ya binafsi. Ripoti hizo zimehifadhiwa. Kampuni ya siki yenye matenki kumi haikuwa na mtu wa kumtunzia daftari. Ilipofungwa, karatasi zilikwenda motoni pamoja na madawati. Kwa hiyo mtafiti wa mabehewa haya huishi kwa kudokoa: mstari kwenye rejesta, ramani ya bima ya moto ya Sanborn inayoonesha reli ya pembeni ikiingia kiwandani, kesi mahakamani, picha ya harusi ambayo nyuma ya bibi harusi behewa limejitokeza kwa bahati.

Na daftari la gadi. Hicho ndicho kitu nilichokipenda kuliko vyote. Gadi wa treni la mizigo alibeba kijitabu mfukoni akaandika kila behewa alilopokea: herufi, namba, limejaa au tupu, lina nini, linakwenda wapi. Vijitabu hivyo vimenusurika kwenye maboksi ya wajukuu. Nilikishika kimoja kwenye mnada wa vitu vya reli, cha treni la miaka ya 1930, karatasi zina madoa ya mafuta ya taa na mwandiko umeinama kwa mtikisiko wa behewa. Ukurasa mmoja tu ulikuwa na mabehewa ya wamiliki wa kila pembe ya Marekani: matunda ya California, nyama ya Chicago, mafuta ya Oklahoma, treni moja. Nikaelewa kwamba mahali ilipopigwa picha hapasemi chochote kuhusu nyumbani kwa behewa.

Kuhusu rangi nitasema kwa kifupi kwa sababu nilisahihishwa mapema na mtu mwenye ujuzi. Filamu nyingi za zamani zilikuwa hazioni rangi nyekundu. Nyekundu hutoka nyeusi, njano hutoka nzito kuliko ilivyo, buluu hufifia. Behewa linaloonekana jeusi laweza kuwa jekundu. Ukitaka kuona mabehewa ya enzi za mvuke kwa rangi zake, tazama picha alizopiga Jack Delano katika yadi za Chicago majira ya baridi ya 1942 kuingia 1943, akifanya kazi ya serikali wakati wa vita. Maktaba ya Bunge la Marekani imeziweka bure kwa kila mtu, kwa ukubwa unaokuwezesha kusoma namba za mabehewa yaliyo mbali. Nimekesha nazo usiku mwingi.

Sasa nije kwa baba yangu.

Nilikuwa nikimpigia kila Jumapili na sikuwahi kumtajia habari hii. Sijui kwa nini. Labda niliona ni mambo ya Wamarekani na makaratasi yao, na yeye ni mzee wa rangi na brashi. Jumapili moja aliniuliza mbona sauti imechoka. Nikamweleza. Akanikatiza, "Nitumie hiyo picha." Nikamtumia kwa simu, ile niliyoiskani kwa ukubwa. Baada ya dakika kama ishirini akapiga mwenyewe.

"Mwanangu, umeangalia rangi ya chini ya namba?"

"Rangi ipi, Baba? Tangi zima jeusi."

"Si jeusi moja. Hapo kwenye namba pana kiraka. Tazama ukingo wake, umenyooka kama rula, kisha upande wa pili umepinda. Huyo kafunika kitu, halafu kapiga namba juu. Na hizo namba ni za stensili, zina mikato. Yale maandishi makubwa ya kati, jina la kiwanda, hayo kayaandika mtu kwa mkono. Ni watu wawili na siku mbili."

Nilinyamaza. Akaendelea kwa sauti ileile aliyokuwa akinifundishia kuchanganya rangi nikiwa mdogo:

"Mwaka 77 jumuiya ilipovunjika, tulifuta EAR. Unapiga kiraka kwanza, unangoja kikauke, ndipo unapiga TRC. Lakini rangi ya zamani ina unene. Asubuhi jua likiwa la ubavuni, EAR ilikuwa inaonekana chini ya TRC, wazi kabisa. Angalia kama picha yako ina jua la ubavuni."

Lilikuwa la ubavuni. Kivuli cha yule mwanamume kilikuwa kirefu, kimelala hadi kwenye gurudumu. Usiku ule nikaiskani picha upya kwa kiwango cha juu zaidi, nikacheza na mwanga na giza kwenye kompyuta, sehemu ya kiraka peke yake. Ilinichukua hadi saa nane za usiku. Chini ya tarakimu mpya zikainuka tarakimu nyingine, fupi zaidi, tatu tu. Na pembeni mwa bega la yule mwanamume, pale nilipokuwa nikiona X na weusi, pakatokea mguu wa mstari wa wima na kipande cha mstari wa juu unaolala. Ilikuwa T. Herufi kabla ya X ilikuwa T.

UTLX haina T kabla ya X. SHPX haina. GATX inayo.

Nikarudi kwenye rejesta, safari hii na swali tofauti. Sikuuliza tena "namba hii ni ya nani", nikauliza "nani alikuwa na matenki ya namba za tarakimu tatu mapema, akatoweka baadaye, wakati General American wanaongezeka?" Kiwanda cha sabuni chenyewe kilikuwamo kwenye toleo la mwanzoni mwa miaka ya 1920, mistari miwili tu, matenki machache ya galoni 8,000, ambazo ni kama lita 30,000. Kwenye toleo la mwishoni mwa muongo ule kiwanda hakimo. Namba ya kwenye picha, kwa 8 wala si kwa 3, iko ndani ya mfululizo wa GATX wenye galoni zilezile.

General American ni kampuni ambayo Max Epstein aliianzisha mwaka 1898 Chicago kwa mabehewa 28 yaliyokwisha kutumika. Ilikua kwa kujenga na kwa kununua mabehewa ya wengine na kuwakodishia. Mwenye kiwanda aliuza tenki lake, akapata fedha mkononi, na tenki likaendelea kuja palepale, na jina lake kubwa la kupendeza likiwa bado ubavuni. Mtu akitazama kwa mbali angesema ni la kiwanda. Mwenyewe halisi ameandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya bega.

Jambo hilo la jina kubwa lisilo la mwenyewe liliwasumbua watu wa enzi hizo kuliko ninavyosumbuka mimi. Mabehewa ya barafu ya kukodi yalipakwa matangazo ya siagi, bia na nyama, ya rangi kali, yakazunguka nchi nzima kama mabango. Mwaka 1934 tume ya serikali ikaamua kwamba hiyo ni njia ya mlango wa nyuma ya kumpa mteja mmoja faida wenzake wasiyoipata, na kuanzia Januari 1937 mabehewa ya namna hiyo yasipokelewe tena kutoka reli moja kwenda nyingine. Ndiyo maana ukiona picha ya behewa la barafu lenye tangazo kubwa la mpangaji, unajua kwa kiasi kikubwa upo upande gani wa mwaka huo.

Likabaki swali la pili la mzee: lilileta nini?

Kuba la juu halikusaidia, kwa sababu kila tenki la aina hii lilikuwa nalo. Ni nafasi ya mafuta kutanukia joto linapopanda, angalau asilimia 2 ya ujazo. Kilichonisaidia ni chini. Chini ya tumbo la tangi, karibu na katikati, palikuwa na ncha mbili za bomba zilizofungwa vifuniko. Nilizidhani ni za kumiminia. Kumbe bomba la kumiminia ni jingine, kubwa, liko peke yake. Zile mbili ni mdomo na mkia wa koili ya mvuke iliyolala ndani ya tangi. Behewa likifika, kiwanda kinaunganisha mpira wa mvuke upande mmoja, mvuke unazunguka ndani ya bomba saa kadhaa, na kilichoganda tangini kinayeyuka na kutiririka.

Mtu yeyote aliyekulia pwani asingehitaji maelezo zaidi. Mama yangu alikuwa na chupa ya mafuta ya nazi dirishani. Miezi ya Juni na Julai, asubuhi ya kipupwe, mafuta yanaganda meupe kama nta, unaitikisa chupa hayatoki, unaiweka juani au kwenye bakuli la maji moto ndipo upake mwili uende shule. Chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi mafuta ya nazi hayamwagiki. Sasa yatie kwenye tangi la lita 30,000, uyavushe milima mwezi wa Januari.

Viwanda vya sabuni vya Marekani viliagiza mafuta ya nazi kwa wingi kutoka Ufilipino miaka hiyo, kwa sababu ndiyo yanayotoa povu zuri, na matenki yenye koili ndiyo yaliyoyabeba kutoka bandarini. Nilimwambia mzee hivi: koili inaonesha kitu kinachoganda, kiwanda ni cha sabuni, na sabuni ilitaka mafuta ya nazi na mafuta ya wanyama. Nikamwambia nilikosea mara ya kwanza kuhusu Rockefeller, nikaomba radhi, na nikamweleza kwamba la nazi ni kadirio lenye miguu, ila ni kadirio.

Hakunijibu. Alinyoosha mkono kwenye meza yangu ya dawa, akachukua kile kikopo changu cha mafuta ya kupaka mikono, ambacho ni mafuta ya nazi, nilichokuwa nakitumia mbele yake kila siku kwa miaka miwili. Akakifungua, akakileta puani. Alikaa nacho muda mrefu.

"Koti lake," akasema. "Nyuma ya mlango wa jikoni."

Tuliandika nyuma ya picha kwa penseli, si kalamu ya wino, kwa kuwa wino hupenya: GATX na namba, kabla ya hapo, mali ya kiwanda, baada ya Juni 1926. Mstari wa nazi tuliuweka na alama ya kuuliza. Mzee alitaka kuifuta alama ile. Nikamwomba tuiache, akaiacha.

Jumapili iliyofuata nilimsimulia baba yote. Aliuliza urefu wa herufi kwa inchi, na kama T ilikuwa na mabega mapana au membamba. Nikamtumia picha ya kiwandani ya tenki jingine la GATX, iliyo wazi. Wiki mbili baadaye dada yangu alinitumia picha kutoka uani nyumbani Dar es Salaam. Tangi letu la maji, lile jeusi la plastiki lililo juu ya nguzo, lina kiraka kilichonyooka ubavuni, na juu yake, kwa stensili aliyoikata mwenyewe kwenye boksi la sabuni, herufi nne nyeupe na tarakimu tano. Ya tatu ni 8.